Umefika Bigo na hukuona ngome? Mwongozo kamili wa kutafuta mahandaki ya kale kwenye nyasi

Kila kiangazi malalamiko ni yale yale. Watu wanachanga nauli, wanatoka Kampala alfajiri, wanapita Masaka na Sembabule, wanafika Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale, saa sita mchana, wanazunguka kidogo, kisha wanarudi wakisema hakuna kitu kule ila nyasi na ng'ombe. Na picha wanazoonyesha ni kweli nyasi na ng'ombe.

Lakini mahandaki yapo. Ukiyaunganisha yote, urefu wake unapita kilomita 10, na sehemu nyingine yalikatwa mpaka kwenye mwamba. Ukitazama vizuri baadhi ya picha hizo, utagundua kwamba mpigapicha amesimama ndani ya handaki.

Tatizo la kwanza ni kwamba watu wanatafuta ukuta. Wamesikia "ngome", wakapata picha ya mawe na mizinga kama Fort Jesus. Ngome za eneo hili la Uganda, zilizojengwa takriban kati ya mwaka 1300 na 1500, ni za udongo: shimo refu limechimbwa, udongo wake ukatupwa kando ukawa tuta. Mvua za miaka mia tano na zaidi zimeushusha udongo wa tuta na kuurudisha shimoni. Unachotafuta leo ni mbonyeo, si ukuta. Mbonyeo huo unaonekana kwa watu wanaojua pa kusimama na saa ya kusimama, na hauonekani kabisa kwa wengine.

Habari za Wachwezi, watawala wa masimulizi ya kale wanaohusishwa na Bigo, nitaziacha. Zimeandikwa sana, na hazitakusaidia kuliona handaki.

## Vifaa

Usibebe vingi. Utatembea.

- Simu yenye ramani iliyopakuliwa, ili ifanye kazi bila mtandao, na betri ya akiba.
- Dira. Ile ya simu inatosha ukikaa mbali na gari na seng'enge.
- Kamba ya mita 20 isiyonyumbuka, uifunge alama ya rangi kila mita moja.
- Pima maji ndogo ya kuning'iniza kwenye uzi, ile ya mafundi ujenzi.
- Futi ya mita 5.
- Vijiti kumi na tano hivi vyenye vitambaa vya rangi. Usitumie rangi ya kupaka wala misumari.
- Fimbo ndefu. Ni ya kutembelea na kupiga nyasi kabla ya kukanyaga. Si ya kuchomea ardhi.
- Gambuti au viatu vigumu, soksi ndefu na suruali ya kufunika mguu. Kupe wa malishoni hawana huruma.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye umande.
- Maji ya kunywa ya siku nzima.

Jembe, sululu na kifaa cha kutafutia chuma viache nyumbani. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya mwisho, ila hata usipoisoma, viache.

Uwe na wenzako wawili angalau. Kazi hii ya mtu mmoja haiendi, kwa sababu mwili wa mwenzako ndio kipimo chako.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha uchague saa

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kabla hata hawajapanda gari.

Kusini mwa Uganda mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Baada ya mvua nyasi za Bigo zinakufika kifuani, na hapo hata handaki la mita 2 linafichika. Nenda Januari na Februari, au Julai na Agosti. Miezi hiyo nyasi zimekauka, zimeliwa, na mahali pengine wafugaji wamezichoma. Ardhi iliyoungua juzi ndiyo bora kuliko zote. Inachafua nguo lakini haifichi kitu.

Kiangazi kina faida ya pili. Udongo ulioporomokea ndani ya handaki ni mwingi na laini, unashika maji kuliko ardhi ya kando. Kwa hiyo nyasi za ndani hubaki kijani wiki kadhaa baada ya nyingine kugeuka rangi ya majani makavu, na zile za juu ya tuta, kwenye udongo wa maramu, hukauka kwanza. Mstari wa kijani uliopakana na mstari mkavu, vyote viwili vikijipinda pamoja, ni dalili nzuri kuliko karibu kila kitu kingine utakachokiona.

Sasa saa. Mbonyeo wa nusu mita hauonekani kwa macho mpaka uwe na kivuli. Sisi tuko kwenye ikweta, na jua letu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Dakika 40 baada ya kuchomoza liko kwenye nyuzi 10 hivi, na tuta la nusu mita linatupa kivuli cha karibu mita 3. Saa mbili baada ya kuchomoza kivuli hicho hakifiki hata mita 1. Mchana hakipo. Wenzetu wa nchi za kaskazini wana jua la chini nusu siku wakati wa baridi. Sisi tunapewa saa moja tu, basi.

Eneo la Sembabule jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, kutegemea mwezi. Uwe umeshasimama mahali pako kabla halijatoka. Maana yake ni kwamba hutaweza kutoka Kampala asubuhi hiyo. Lala Sembabule au Ntusi. Jioni mwanga ni ule ule, ila utamaliza giza linaingia, na kutafuta njia ya kurudi kwa bodaboda kati ya nyasi usiku si mchezo.

Jambo moja zaidi ambalo waongozaji hawakuambii: jua likitoka mashariki, handaki linaloelekea kaskazini na kusini linapata kivuli kizuri, ila linaloelekea mashariki na magharibi linamulikwa kwa urefu wake na kupotea. Kwa sehemu hizo chagua mwisho wa Desemba au mwisho wa Juni, jua linapochomoza likiwa limesogea zaidi ya nyuzi 23 kutoka mashariki halisi. Mwanga unaingia kwa mshazari, na kivuli kidogo kinapatikana. Hata hivyo sehemu hizo utazijua zaidi kwa miguu kuliko kwa macho.

## Hatua ya 2: Tafuta mstari kwenye picha za setilaiti

Fungua Google Earth kwenye kompyuta, si kwenye simu. Nenda mahali Mto Kakinga unapokutana na kinamasi cha Katonga. Bigo iko upande wa kusini wa Katonga. Kisha fungua picha za miaka ya nyuma na uzipitie moja moja, ukitafuta zile za kiangazi. Picha ya karibuni mara nyingi ni ya kijani kitupu, na watu hukata tamaa hapo bila kujua kwamba nyuma yake kuna nyingine nzuri zaidi.

Unatafuta mstari mpana, mweusi au wa kijani kibichi, unaojipinda taratibu. Mambo yatakayokudanganya ni haya:

Njia za ng'ombe ni nyembamba, ni nyeupe kwa sababu zimekanyagwa, ziko nyingi sambamba, na zote huishia majini. Seng'enge na mipaka ya ranchi hunyooka na kukata kona kali. Lambo la kunyweshea mifugo ni shimo lenye tuta pembeni, kama handaki kabisa, ila ni fupi na lina umbo la sanduku. Madoa ya duara yenye nyasi nzito ni mazizi ya zamani, samadi imebaki kwenye udongo. Hayo yaweke kwenye orodha yako vilevile, ni ya thamani, ila si handaki.

Chora unachokiona kwa rangi tatu: una hakika, huenda, na unashuku. Uwe mkali na nafsi yako kwenye rangi ya kwanza. Kisha hifadhi faili na ulihamishie kwenye simu.

Usipoteze muda na data za bure za mwinuko wa ardhi zenye kipimo cha mita 30. Kila kisanduku chake kinachukua wastani wa eneo la mita 30 kwa 30, na handaki la upana wa mita chache linamezwa humo.

Onyo kuhusu namba za zamani za kuonyesha mahali. Hili limewapoteza wengi, wakiwemo wanafunzi wa chuo. Ramani za zamani za Uganda za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani hiyo na kuziingiza kwenye simu kama zilivyo, utapelekwa karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kidogo magharibi. Kwa Bigo, mita 300 kaskazini zinaweza kukutumbukiza kwenye mafunjo ya Katonga. Badilisha mfumo kwanza. Programu nyingi za ramani zinafanya hivyo kwa kubofya mara moja.

Na ukikuta namba zinazoishia kwenye dakika bila sekunde, ujue dakika moja ya latitudo ni zaidi ya kilomita 1.8. Namba kama hiyo inakupeleka kwenye kata. Handaki utalitafuta mwenyewe.

Umefaulu hatua hii ukiwa na angalau vipande viwili vya mstari ambavyo ukivirefusha vinaelekeana. Kipande kimoja peke yake hakitoshi kulipia nauli.

## Hatua ya 3: Bisha hodi

Fika kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla ya kuingia malishoni. Kama kuna mtunzaji wa eneo, mtafute naye. Ardhi ina wenyewe, ng'ombe wana wenyewe, na kundi la watu wenye kamba na simu asubuhi na mapema linafanana sana na kundi la wapima viwanja. Watu wa huku wana sababu zao za kutowapenda wapima viwanja.

Kiswahili kitakusaidia kwa askari, wafanyabiashara na baadhi ya madereva. Kwa mzee mfugaji anza na salamu ya kwake. "Agandi, ssebo" inafungua mlango ambao Kiswahili sanifu kinaugonga tu. Ukiwa hujui zaidi ya hapo, chukua kijana wa pale awe mkalimani, na umlipe kama mfanyakazi. Usimpe hela ya soda.

Kisha usiulize "Bigo iko wapi?" Utapelekwa kwenye kibao. Uliza maswali ya kazi:

"Mzee, ng'ombe wakishuka kwenda majini, wanavukia wapi?"

"Mama, ni wapi jembe linaingia kwa urahisi kuliko kwingine?"

"Gari likija mvua ikinyesha, hukwama wapi?"

Mchungaji anajua handaki kwa sababu linamsumbua kila siku. Pengine haliiti handaki wala hajui ni la nani, ila atakuambia kwamba pale kwenye mwiba mkubwa ndama huteleza. Andika. Hiyo ni nukta kwenye ramani yako.

Uliza pia mahali pasipoingiwa. Bigo kuna watu wanaokwenda kuomba na kutoa sadaka mpaka leo. Ukikuta majivu, kibuyu, sarafu au vitambaa chini ya mti, zunguka, usiguse, usipige picha bila ruhusa.

## Hatua ya 4: Zoeza macho kwenye handaki lisilo na ubishi

Mwombe mwenyeji akupeleke kwanza kwenye sehemu yenye kina, ile ambayo mtu akishuka kichwa kinapotea. Kaa hapo nusu saa. Shuka, panda, shuka tena.

Angalia mteremko wa ukuta wake, rangi ya udongo wa juu ya ukingo, na mimea. Peter Shinnie alichimba hapa mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960. Kazi yao ilionyesha kwamba shimo la awali lilikuwa na kina kirefu kuliko linavyoonekana sasa, kwa hiyo unaposimama chini, hujasimama kwenye sakafu. Umesimama kwenye udongo ulioporomoka.

Kama bahati ni yako, ng'ombe watapita. Hili ningependa uliangalie kwa makini kuliko maelezo yangu yote. Kundi la Ankole linakuja juu ya nyasi, migongo myekundu inaonekana. Wa kwanza anainamisha kichwa, mgongo unazama, na kwa hatua nne au tano kinachobaki ni pembe tu, nyeupe, zikielea juu ya nyasi bila mnyama. Kisha mgongo unaibuka upande wa pili, na wa nyuma yake anazama palepale. Umepimiwa handaki bila kutoa futi mfukoni: upana wake ni hizo hatua, kina chake ni takriban kimo cha ng'ombe kutoka kwato hadi chini ya pembe, ukiondoa urefu wa nyasi. Weka nukta kwenye simu.

Wasiofika Bigo bado wanaweza kuanzia Kampala. Ziwa la Kabaka pale Mengo lilichimbwa kwa mikono wakati wa Mwanga, miaka ya 1880. Nenda asubuhi, sahau maji, tazama namna ardhi iliyochimbwa na watu inavyojikunja kwenye ukingo. Si handaki, lakini jicho linajifunza.

## Hatua ya 5: Tembea kukata, usitembee kufuata

Hii ndiyo hatua yenyewe.

Mtu akionyeshwa handaki anataka kulifuata kwa ndani. Baada ya mita 100 linakuwa la kina kifupi, anaingia njia ya ng'ombe bila kujua, anaifuata hiyo hadi majini, anarudi akisema handaki liliishia mtoni. Mahandaki mengi kwenye ramani za wageni yameishia mtoni namna hiyo.

Fanya hivi. Anzia mahali penye uhakika. Sogea mita 25 mbele kuelekea unakodhani linakwenda. Sasa ondoka kwenye mstari, rudi nyuma mita 30 upande mmoja, kisha tembea ukiukata mstari kwa pembe ya mraba hadi mita 30 upande wa pili. Tembea polepole, na usitazame chini. Tazama mbele, miguu iseme. Goti linajua mteremko wa sentimita 20 kabla ya jicho.

Wenzako wafanye vivyo hivyo, kila mmoja mita 25 kutoka kwa mwenzake. Kila anayeshuka apaze sauti na kuchomeka kijiti: kimoja ukingo wa kwanza, kimoja chini kabisa, kimoja ukingo wa pili. Mkimaliza, rudini kwenye tuta au kichuguu chochote na mtazame vijiti vyote kwa pamoja. Vikipanga mstari unaojipinda vizuri, mko nalo. Vikitawanyika, kuna mtu amechomeka kwenye shimo la mhanga.

Kuhusu vichuguu: Bigo kuna vichuguu vikubwa vya mchwa, na vitakupotosha. Kichuguu ni duara, hakina shimo kando yake, na miti huota juu yake. Tuta la handaki ni refu na siku zote lina mbonyeo ubavuni.

Kipimo cha korongo. Swali litakalokuja mara nyingi ni kama ulichokipata ni handaki au ni korongo lililokatwa na mvua. Jibu liko kwenye mteremko. Korongo linashuka tu. Fuata sehemu ya chini kwa macho: ikikata kilima kwa ubavu, au ikapanda na kushuka upande wa pili, hiyo ni kazi ya watu. Maji hayapandi mlima. Handaki la zamani likishageuzwa njia ya maji, litakuwa vyote viwili, na hapo utalitambua kwa kutafuta tuta: korongo halitupi udongo wake juu ya ukingo.

Tahadhari: mtu wa mbele apige nyasi kwa fimbo, kwa sababu nyoka hupenda ubaridi wa ndani ya handaki. Karibu na Katonga simameni mafunjo yanapoanza. Ardhi pale inaonekana ngumu na si ngumu. Na dume la ng'ombe likisimama likiwatazama, mwachieni mchungaji aseme nalo.

Umefaulu ukipata vijiti vinane au zaidi kwenye mstari mmoja, angalau vinne kati yake vikiwa mahali ambapo picha ya setilaiti haikuonyesha kitu.

## Hatua ya 6: Pima umbo

Chagua sehemu mbili au tatu. Vuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, ipite angalau mita 3 kila upande ili ishike na tuta. Ning'iniza pima maji katikati, inyanyue au ishushe kamba mpaka povu litulie. Kisha kwenye kila alama ya mita, pima kwa futi kutoka kwenye kamba hadi chini. Andika namba kwa safu. Ukizichora jioni kwenye karatasi ya miraba, umbo linatokea lenyewe.

Handaki linaonyesha ukingo mmoja wenye nundu upande uliotupwa udongo. Andika ni upande gani, wa ndani au wa nje ya ngome. Watu wa makumbusho watakuuliza hilo kwanza. Ukikuta udongo mwekundu wenye kokoto juu ya nundu wakati ardhi ya jirani juu ni nyeusi, umeona udongo wa chini ulioletwa juu na jembe la mtu.

Mapengo pia yapime. Mahandaki ya Bigo yana sehemu zilizoachwa bila kuchimbwa ili watu na ng'ombe wapite, na yana sehemu zilizofukiwa baadaye kwa ajili ya magari. Pengo la tangu kuchimbwa, handaki linaishia ghafla na likiwa bado na kina. Pengo la juzi, linafifia taratibu na udongo wake umelegea.

Simu hukosea mita 3 hadi 10, wakati mwingine zaidi chini ya miti. Isubiri itulie, na uchukue nukta ya chini ya handaki mara tatu.

## Hatua ya 7: Ukiwa mjini au shambani

Maelezo ya juu ni ya malisho. Ntusi ni habari nyingine, kwa sababu mji wa leo umekaa juu ya mji wa zamani, ulioishi takriban karne ya 11 hadi ya 15. Huko hutafuti handaki. Kuna vilima viwili vikubwa, wenyeji wanakiita kimoja cha kiume na kingine cha kike, na wote wanavipita wakidhani ni vilima tu. Ni taka: mifupa ya ng'ombe, vigae, majivu na samadi, vilivyorundikwa kwa vizazi. Kuna na Bwogero, bonde lenye kingo za kuchongwa.

Ndani ya mji, tembelea kila mahali ambapo mtu mwingine ameshachimba kwa shughuli zake: mtaro wa barabara, msingi wa nyumba, udongo uliotoka kwenye shimo la choo kipya. Tazama tabaka. Udongo wa kijivu wenye majivu, vipande vya mifupa na vigae vyenye nakshi ya kamba iliyoviringishwa kabla havijakauka, hapo palikuwa na watu. Piga picha pamoja na futi, rudisha simu mfukoni, usichukue kigae. Kigae kilichotolewa kwenye tabaka lake hakimwambii mtu chochote tena.

Munsa, huko Kakumiro, shida ni mashamba. Mahandaki yanazunguka kilima chenye mwamba na mapango, na sehemu yake kubwa imejaa udongo na kulimwa. Nenda mahindi yakiwa mafupi au yakiwa yameanza kunyauka: mstari wa mimea mirefu na mibichi unaokatiza matuta ya mkulima bila kujali mpaka wa shamba ndio wenyewe. Omba ruhusa kwa kila shamba, na tembea katikati ya mistari.

## Hatua ya 8: Ondoka, andika, peleka

Ng'oa vijiti vyote. Hesabu ulivyovileta.

Piga picha mbili kwa kila sehemu: moja kutoka ndani ukitazama kwa urefu, nyingine kutoka kwenye tuta mwenzako akiwa amesimama chini kabisa. Picha isiyo na mtu haina kipimo, na ndiyo sababu picha nyingi za Bigo ni picha za nyasi. Andika tarehe, saa na ulikoelekea ulipopiga.

Kuchimba, hata shimo la kina cha kiganja, hakuruhusiwi bila kibali cha Idara ya Makumbusho na Malikale. Hata bila sheria, sababu ni ya kikazi: umri wa handaki unajulikana kwa tabaka zilizoporomokea ndani yake, moja juu ya nyingine, na shimo lako linazichanganya kwa dakika kumi. Droni nayo ina vibali vyake. Usiirushe kwa sababu tu huoni askari.

Ulichokipata kipeleke Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, Kamwokya. Peleka faili la mstari, michoro ya kamba na picha, na jina la kijiji. Ukipata mstari ambao haumo kwenye ramani yoyote, namba zake usizitangaze hadharani. Wapo wanaosikia "ya kale" wakaelewa "dhahabu", na hao watafika na sululu kabla ya mtaalamu.

Jambo la haraka ni moja tu: greda. Ukikuta barabara inachongwa au lambo linachimbwa karibu na tuta, usisubiri kumaliza michoro. Piga picha, mweleze mwenyekiti wa LC1 siku hiyo hiyo, na uwapigie makumbusho ukiwa palepale kwenye tuta, ili wakikuuliza liko umbali gani kutoka kwenye mtambo, uhesabu hatua na uwajibu.